Msongo wa mawazo unavyokula mahindi ya mkulima wa Ufipa

KILA ifikapo Juni na Julai, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika kasi, malori huanza kuonekana Laela, Mpui, Matai na Namanyere yakitafuta mahindi. Mengine hufika jioni, mnunuzi akisema anageuza usiku huo huo na fedha taslimu anazo mkononi. Mkulima ana deni la mbolea, ana mtoto wa bweni anayetakiwa kuripoti shuleni, pengine na mgonjwa ndani. Anauza magunia kumi wakati shida yake ingemalizwa na matatu, tena kwa lumbesa. Asubuhi anajiuliza jana alikuwa anafikiri nini.

Jibu letu ni kwamba huenda hakuwa anafikiri, na hilo si tusi. Ulikuwa mwili wake ndio uliouza.

Binadamu anapohisi hatari, ubongo hutuma amri kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ndani ya sekunde chache tezi hizo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hukatika katika, misuli hukaza, ini hutoa sukari ili kuwe na nguvu, na tumbo huacha kazi yake kwa muda. Dakika chache baadaye hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo kazi yake ni kuuweka mwili katika hali hiyo ya tahadhari. Mpango huo ni mzuri sana kwa mtu aliyekutana na chui. Chui huondoka, au mtu hukimbia, na mwili hutulia.

Deni haliondoki. Linalala na mkulima na kuamka naye tangu mbegu zinapowekwa ardhini Novemba hadi mavuno. Mwili unaokaa katika tahadhari miezi yote hiyo hukosa usingizi, hushambuliwa kirahisi na maradhi, na presha na kisukari hupata mlango. (Vidonda vya tumbo, ambavyo wengi husema vinaletwa na mawazo, kwa sehemu kubwa husababishwa na bakteria au na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Vina tiba yake hospitalini; mwenye navyo asiambiwe tu aache kuwaza.)

Mambo haya yamepimwa kwa wakulima kama sisi. Kianyaga, katikati ya Kenya, watafiti walipima kotisoli katika mate ya wanakijiji na kulinganisha na mvua iliyonyesha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba mvua ilipokuwa haba kotisoli ilipanda, na ilipanda zaidi kwa wakulima kuliko kwa wasiolima. Mwaka huo huo yalichapishwa matokeo kutoka Tamil Nadu, India, ambako wakulima wa miwa 464 walipewa maswali ya kupima akili kabla ya mavuno, wakiwa hawana kitu, na baada ya mavuno, wakiwa na fedha. Watu wale wale walifanya vibaya zaidi kabla ya kuvuna. Hawakuwa wajinga mwezi mmoja na werevu mwezi uliofuata. Shida ilikuwa imejaa kichwani, nafasi ya hesabu ikabaki ndogo.

Tuifanye hesabu hiyo hapa kwa mfano. Tuseme gunia shambani ni Sh 50,000 na shida ya leo ni Sh 150,000. Magunia matatu yanatosha. Aliyeuza kumi, bei ikifika Sh 80,000 mwezi Januari, amepoteza Sh 210,000 katika yale saba ya ziada. Ni kweli kwamba bei haipandi kila mwaka. Wakulima wa Rukwa hawajasahau mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje, na viwavijeshi vamizi nao wakaingia mashambani mwaka huo huo. Ndiyo maana hatusemi mtu afungie ghala lote akisubiri bahati. Tunasema auze kwa awamu, na kiasi cha kila awamu akiandike kwenye daftari pamoja na mwenza wake mwezi Mei, kabla lori halijapiga honi. Uamuzi uliofanywa moyo ukiwa umetulia ndio wa kufuatwa siku moyo unapokwenda mbio.

Kwa mwili wenyewe zipo njia zisizo na gharama. Kabla ya kumjibu mnunuzi, kaa chini upumue polepole dakika tano, kutoa pumzi kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Mapigo ya moyo hushuka. Kisha mwambie utamjibu asubuhi. Akiondoka, mwingine atakuja. Usingizi nao ni pembejeo, na pombe ya ulezi haiwezi kuwa badala yake. Humlaza mtu haraka lakini humwamsha usiku wa manane, na mawazo yake humkuta pale pale. Kulima kwa jembe ni mazoezi ya kutosha, ila si mapumziko. Na deni linalojulikana na mtu mmoja tu ndani ya nyumba ni zito kuliko linalojulikana na wawili, au na wenzako wa kikundi cha VICOBA.

Liko jambo jingine ambalo haliandikwi sana. Moyo ukidunda usiku na usingizi ukipotea, baadhi yetu humtazama jirani mzee. Wenyeji hueleza kwamba jina la Sumbawanga lenyewe maana yake ni tupa uchawi. Basi kabla ya kumtaja mtu, nenda kituo cha afya ukapimwe presha na sukari, umweleze mganga hali yako bila aibu. Wazee wetu wamekwisha kuumia vya kutosha kwa dalili ambazo kipimo kingezieleza.

Hata hivyo hatutaki mzigo wote abebe mkulima. Pumzi tano hazilipi deni. Kinachomkosesha mtu usingizi zaidi ni kutojua: bei itakuwa ipi, kituo cha kununulia kitafunguliwa lini, malipo yatatoka baada ya siku ngapi. Hayo yako mikononi mwa wanunuzi wa umma na binafsi, na mwa halmashauri. Bei na tarehe za ununuzi zibandikwe katika ofisi za vijiji kabla ya mwisho wa Mei, na Wakala wa Vipimo wawepo barabarani msimu wa lumbesa, si baada yake. Vyama vya ushirika navyo viwe vimepata mifuko isiyopitisha hewa mapema, kwa sababu anayeogopa dumuzi katika ghala lake atauza kwa bei yoyote, hata tukimfundisha kupumua mara mia.