Tumechoka na Mawe ya Waheshimiwa

Tembea Garissa asubuhi moja ukisoma mabamba tu. Usisome mabango ya simu wala ya nyumba za kupangisha. Soma yale ya marumaru nyeusi yenye herufi za dhahabu, yaliyobandikwa kwenye ukuta wa darasa, kwenye tangi la maji, kwenye choo cha soko: mradi huu ulizinduliwa rasmi na Mheshimiwa fulani, tarehe fulani. Nimewahi kuona bamba lililodumu kuliko bomba lililozinduliwa nalo. Maji yalikwisha zamani, jina la mheshimiwa bado linang'aa. Na usidhani ni Garissa peke yake. Nenda Nakuru, nenda Kisumu, nenda mtaa wako hapo Nairobi. Nchi nzima imebandikwa.

Mtu akija kuchimba hapa mwaka 4000 atasema, hawa walikuwa watu wa kukata utepe. Atajua nani alifungua choo. Hatajua nani alikitumia, na wala hatajua nani aliuawa mita mia moja kutoka hapo.

Mimi nasema hivi: mji ambao umejaa majina ya wakubwa kwenye mawe, na hauna jiwe lenye majina ya watu wake waliouawa, umechagua historia yake. Na umechagua vibaya.

Najua wengi mtaniambia mawe ni mambo ya wazee wa makumbusho. Basi niwapeleke India kidogo, halafu turudi Garissa.

Kule India, watu waliishi karibu na nguzo na miamba iliyoandikwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyeweza kuisoma. Katika karne ya 14, Sultani Firuz Shah wa Delhi alihamisha nguzo mbili kubwa na kuzisimamisha mjini kwake. Akaita wasomi wamsomee. Wakashindwa. Maandishi yalikuwa hapo, yamekaa kimya.

Aliyefungua kufuli hiyo ni James Prinsep, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sarafu cha Calcutta, mwaka 1837. Na hakuanzia kwa wafalme. Alianzia Sanchi, penye kuba la kale la Wabudha lililozungukwa na uzio wa mawe. Kwenye uzio huo kulikuwa na maandishi mafupi mafupi, mengi, na karibu yote yaliishia kwa herufi zilezile mbili. Prinsep akajiuliza: watu wengi hivi, kila mmoja na mstari wake mfupi, wanaweza kuwa wanasema nini? Akakisia kwamba ni zawadi. Kila mmoja alichangia kipande cha uzio na akaandikisha jina lake: "zawadi ya fulani." Neno lenyewe lilikuwa danam. Kwa herufi za neno hilo akapata njia ya kusoma zilizobaki, na muda mfupi baadaye akawa anasoma amri za mfalme Ashoka.

Shika hapo. Waliochangia Sanchi walikuwa watawa wa kike na wa kiume, wenye nyumba zao, mafundi. Kuna hata kikundi cha wachonga pembe za ndovu kutoka mji wa Vidisha. Watu wa kawaida kabisa, wa kulipa kodi na kulalamika bei ya chakula. Majina yao ndiyo yaliyowezesha dunia kumsoma mfalme. Kama wangeambiwa "nyinyi wadogo, jiwe ni la mheshimiwa," huenda Prinsep angekaa na nguzo zake kama Firuz Shah, akizitazama tu.

Ashoka mwenyewe aliandika nini? Mengi ni mawaidha. Lakini kuna amri moja, wanahistoria wanaiita ya 13, ambayo kila nikiisoma nafikiria kwetu. Takriban mwaka 260 kabla ya Kristo aliivamia nchi ya Kalinga. Kwenye mwamba anakiri mwenyewe: watu 150,000 walihamishwa, 100,000 waliuawa, na wengine wengi zaidi walikufa. Anasema anajuta. Serikali iliyoua inaandika kwenye jiwe kwamba imeua, na inataja hesabu. Sisi hapa tumewahi kuona hivyo?

Lakini subiri kabla hujampigia makofi. Amri hiyo ya 13 imechongwa Girnar, magharibi mwa India. Imechongwa Shahbazgarhi, ambako leo ni Pakistan. Imechongwa Kalsi, kaskazini. Kule Kalinga kwenyewe, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, haipo. Amri nyingine zipo, hiyo imerukwa. Waliofiwa hawakuandikiwa toba. Toba waliandikiwa watu wa mbali.

Sasa turudi nyumbani.

Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliingia mitaani na kuchoma. Mtaa wa Bulla Kartasi uliteketezwa. Watu walisombwa hadi uwanja wa shule ya msingi, wakazuiliwa hapo siku kadhaa bila chakula wala maji. Kwetu tukio hilo linaitwa Garissa Gubai, yaani kuungua kwa Garissa. Ayeeyo yangu, Mungu amrehemu, alihesabu umri wa watu kwa hilo: huyu alizaliwa kabla ya Gubai, yule baada ya Gubai. Kwake ilikuwa kalenda. Mimi nilimaliza shule ya msingi na sekondari, nikajua tarehe za vita vya Ulaya kwa kichwa, na hakuna mwalimu aliyenitajia neno Gubai hata siku moja.

Zaidi ya miaka mitatu baadaye ikawa Wagalla. Februari 10, 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walianza kukusanywa na kupelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakaanikwa juani, wengi wakapigwa risasi. Walikufa wangapi? Hapo ndipo utajua bei ya kutokuwa na majina. Serikali ilisema 57. Mwaka 2000 serikali hiyohiyo ikasema 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaona huenda walikaribia 1,000. Wenyeji wengine wanasema maelfu. Namba inapanda na kushuka kama bei ya mbuzi, kwa sababu namba ni rahisi kubishaniwa. Lakini hebu jaribu kubishana na jina. Jina lina mama. Jina lina mjane ambaye bado yuko Wajir na anaweza kukujibu.

Najua pingamizi, nimezisikia zote, nyingine kwenye meza yetu ya chai.

La kwanza: "Si kuna ripoti?" Ndiyo, ipo. Tume ilimkabidhi Rais ripoti Mei 2013, mabuku manne, zaidi ya kurasa 2,000, kwa Kiingereza. Hata kabla wino haujakauka, makamishna watatu wa kutoka nje walilalamika kwamba sura ya ardhi ilibadilishwa baada ya shinikizo. Karatasi ndivyo ilivyo. Inafunguliwa, inachomolewa, inachapishwa upya. Na mwaka 2015 Rais aliomba radhi kwa dhuluma za zamani, Bungeni, Nairobi, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Nairobi, jamani. Hiyo ndiyo amri ya 13 iliyochongwa Girnar. Mama wa Bulla Kartasi ameandikiwa wapi?

La pili: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hii hupendwa sana na wale ambao yaliyopita hayakuwauma. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa yale waliyotenda huku kwetu wakati wa vita vya Shifta, kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1967. Sheria nzima iliandikwa ili kulinda yaliyopita! Na hali ya hatari tuliyowekewa miaka hiyo haikuondolewa hadi 1991. Kwa hiyo msituambie hamjali yaliyopita. Mnayajali sana, ila mnataka muyatunze wenyewe.

La tatu linatoka upande wetu, nalo naliheshimu: dini. Sheikh atakwambia kaburi halijengewi wala haliandikwi. Sawa. Mimi sigusi kaburi la mtu. Nasema ukuta, sokoni au karibu na shule, wenye majina. Na tusijifanye kwamba Waislamu wa upande huu hawajawahi kuchonga maandishi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, kama 1107. Msikiti wa Fakhr al-Din, Mogadishu, una tarehe ya 1269. Kule Gedi kuna kaburi lenye mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na wanahistoria wa pwani wanalishukuru mpaka leo maana linawapa mahali pa kuanzia kuhesabu. Wajir nao wamejenga mnara wa kumbukumbu ya Wagalla, na mbingu hazijaanguka.

La nne ndilo gumu. Wazee wananiambia: "Sisi ni watu wa mdomo. Tunakumbuka kwa mashairi na kwa nasaba, jiwe la nini?" Abti yangu mmoja anaweza kukutajia mababu zake kizazi baada ya kizazi bila kupumua, na mimi siwezi hata nusu. Hapo ndipo hoja inapovunjika, abti. Wewe unakumbuka. Mimi nimekulia kwenye simu. Mwanangu atazaliwa Eastleigh, au Minneapolis. Mdomo unahitaji sikio lililokaa karibu, na sisi tumetawanyika. Tena nani alisema hatuandiki? Ngamia anapochomwa alama ya sumad, mtu aliye mbali anamtambua ni wa ukoo gani. Tumeandika mali yetu kwa chuma cha moto vizazi na vizazi. Mali tumeiandika. Watu ndio hatujawaandika.

Na kuna pingamizi la tano ambalo husemwa kwa sauti ya chini: orodha italeta vita. Ukoo upi umetajwa zaidi, nani amechomeka jina la jamaa yake akitarajia fidia. Inawezekana. Wabishane basi. Mabishano juu ya majina ni kazi ya historia yenyewe. Kule India hata Ashoka mwenyewe, kwenye maandishi yaliyosomwa kwanza, alijiita kwa vyeo tu. Jiwe lililotaja jina lake wazi lilipatikana Maski mwaka 1915, ndipo ubishi ukapungua. Mawe hudanganya pia, wafalme wa India walijisifu kwenye mawe kuliko hata magavana wetu. Lakini uongo uliochongwa unaweza kulinganishwa na jiwe jingine. Ukimya hauwezi kulinganishwa na chochote.

Tena tumeshaonyesha kwamba tunaweza. Aprili 2, 2015, wiki moja baada ya ile radhi ya Bungeni, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Serikali ilitupa namba. Vijana wa nchi hii wakakataa namba. Kwenye Twitter wakaanza kuandika jina moja moja, na picha, na alichokuwa akisomea, kwa alama ya #147notjustanumber. Hakuna aliyesema hayo ni yaliyopita. Hakuna aliyesema yataleta vita. Waliokufa Garissa 2015 walistahili majina. Sasa niambie kwa nini waliokufa Garissa 1980, kilomita chache kutoka hapo, wasistahili.

Katika Bulla Kartasi mimi sijawahi kuona jiwe lenye jina la hata mmoja wao. Hata mtaa wenyewe, sikiliza linavyotamkwa: Kartasi. Na karatasi iliungua.

Kwa hiyo nadai hivi. Kaunti ya Garissa iweke ukuta Bulla Kartasi. Usiwekwe Nairobi, wala kwenye uga wa ofisi yenye askari getini. Uandikwe kwa Kisomali na Kiswahili, herufi za kusomeka na mtoto wa darasa la nne. Uwe na jina la mtu, la baba yake na la babu yake, kama tunavyotajana. Na iachwe nafasi tupu ya majina yatakayopatikana baadaye.

Na wewe unayesoma hii kwenye matatu, usisubiri kaunti. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Gubai sasa amepita 60. Ukienda nyumbani Idd hii, kaa naye. Washa simu, rekodi, kisha uliza kwa adabu: nani alikuwa jirani yenu, na hakurudi? Andika majina. Uliza mwingine, linganisha. Hivyo tu ndivyo orodha huanza.

Siku ya kufungua ukuta huo, mheshimiwa akitaka kuja na mkasi wake, aje, hatumfukuzi. Jina lake tutaliweka chini kabisa, mwishoni mwa orodha, kwa herufi ndogo.