Kati ya Ngapi?

Jioni ya Agosti 10, 2022, siku moja baada ya Wakenya kupiga kura, nilikuwa katika mkahawa mmoja wa Mombasa ambako rimoti ya televisheni iligombewa kuliko viazi karai. Kila ilipobonyezwa, aliyeongoza alibadilika. Stesheni hii ilimweka mbele mgombea urais William Ruto, ile ikamweka mpinzani wake Raila Odinga, na nguzo mbili za rangi zikawa zinapimana vimo kama watoto wa nyumba moja. Kijana aliyekaa karibu na mlango akapaza sauti: "Kaka, hebu turudishe kule tunakoshinda!" Watu wakacheka, na mwenye rimoti akatii.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba huenda hakuna stesheni iliyosema uongo. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa inaziweka mtandaoni Fomu 34A, zile karatasi za matokeo ya kila kituo, na yeyote aliweza kuzifungua. Vituo vilikuwa 46,229. Vyumba vya habari vikaketisha watu wafungue fomu moja moja na kunakili tarakimu. Aliyeanzia fomu za huku alipata picha ya huku, aliyeanzia za kule akapata ya kule. Kisima kilikuwa kimoja, ila kila mtu alikuja na ndoo yake. Nilisogea hadi karibu na skrini nikitafuta jambo moja tu: hizi ni kura za vituo vingapi, kati ya vingapi, na vya wapi? Sikuliona. Labda lilikuwepo kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani mizuri kuliko yangu.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya takwimu zinazochorwa: grafu, ramani na chati zinazozidi kujaa magazetini na kwenye simu zetu. Siandiki kuzipinga, maana grafu nzuri huokoa aya tatu za maneno. Ninachodai ni kwamba mchoro nao ni kauli. Una msemaji, na unastahili kuhaririwa kwa ukali uleule tunaoutumia kwa maneno. Sisi hatufanyi hivyo. Habari ya maneno 600 hupita kwa mhariri wa dawati, kwa msanifu wa lugha, na ikiwa na harufu ya kesi, kwa wakili. Grafu huletwa saa nne usiku, mtambo ukisubiri, na swali linaloulizwa ni kama inaenea ukurasani. Nimeliuliza swali hilo kwa miaka mingi, tena bila haya.

Chukua rula. Agosti 15, 2022, katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, mwenyekiti wa tume Wafula Chebukati alitangaza kwamba Ruto amepata asilimia 50.49 na Odinga 48.85. Chora nguzo mbili kuanzia sifuri. Ya Ruto ikiwa na urefu wa sentimita 10, ya Odinga itapungua kwa milimita 3 tu, unene wa sarafu mbili hivi. Sasa futa sehemu ya chini, uanzie asilimia 48. Nguzo ya Ruto inakuwa karibu mara tatu ya mwenzake, na hakuna tarakimu iliyoguswa! Mwandishi akiniletea sentensi isemayo Ruto amempita Odinga karibu mara tatu, nitamrudishia kabla hajaketi. Mchoro ukisema hayohayo, naogopa ningeusifu kwa rangi zake.

Hata hivyo, "anzia sifuri" si amri ya msahafu. Chora joto la mwili kuanzia sifuri uone jinsi mgonjwa wa malaria mwenye nyuzi 39 anavyoonekana mzima kama wewe. Kanuni haitoshi, ndiyo maana anatakiwa mhariri.

Kuna kosa jingine, gumu zaidi kulikamata, kwa sababu anayelifanya hachori chochote. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ya wagonjwa wa korona Tanzania ilikomea 509, kisha serikali ikaacha kutoa takwimu. Kwa zaidi ya mwaka, kwenye grafu zilizozunguka dunia nzima, mstari wa Tanzania ulilala chali pale pale kwenye 509 huku ya majirani ikipanda milima na kushuka. Kwa asiyejua kisa, huo ulikuwa mstari wa nchi iliyopona. Kumbe grafu zile hazikujua kuchora ukimya: zilipokosa namba mpya ziliburuta ile ya jana. Mstari ule ulipaswa kukatwa, nafasi iachwe wazi, na chini yake iandikwe tarehe ambayo habari zilikoma. Nafasi wazi humfanya msomaji aulize. Mstari uliolala humtuma akalale.

Kuhusu ramani nitasema machache. Marsabit ina kilomita za mraba zaidi ya 70,000. Nairobi ina kama 700 tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 Marsabit na 4,397,073 Nairobi. Ukizipaka rangi kaunti zote 47 kufuata mshindi, jicho linahesabu mchanga badala ya watu. Mzee anayeniuzia magazeti aliwahi kuniwekea kidole juu ya ramani ya namna hiyo. "Mwanangu, hawa wote wako huko kaskazini? Mbona Nairobi siioni?" Ilikuwa chini ya ukucha wake.

Basi kwa toleo hili tumejiwekea utaratibu. Kila mchoro umepita kwa mhariri asiyeuchora, na chini yake utakuta, kwa herufi zinazosomeka, nani aliyehesabu, alihesabu lini, na kati ya ngapi. Michoro miwili imeshindwa mtihani huo. Mmoja ulikuwa ramani ya kurasa mbili, nzuri ajabu, kazi ya wiki tatu. Mahali pake kuna jedwali la mistari 47, la rangi nyeusi na nyeupe. Mchoraji wetu anaitikia salamu zangu, lakini chai anakunywa meza nyingine.