Mtoto Anapotaka Gogo la Kung-fu

Mtoto wa miaka 10 akishatazama filamu ya Ip Man, ile iliyotoka mwaka 2008, kinachofuata ni kutafuta kitu cha kupiga. Mlango wa chumbani ndio huwa karibu. Baada ya wiki moja anaanza kuomba atengenezewe gogo lenye mikono kama la kwenye filamu, na baba mwenye jirani seremala anaona ni jambo dogo.

Kabla fundi hajaanza kuranda, ni vizuri mzazi akajua gogo lile ni la kazi gani.

Wachina huliita mtu wa mti. Ni shina la duara lenye mikono mitatu, miwili juu na mmoja katikati, na mguu mmoja uliopinda kama goti. Wanaolitumia sana ni watu wa Wing Chun, mtindo wa kusini mwa China, ambao mitaani kwetu ungeitwa karate tu kama mingine yote. Huko Foshan lilikuwa likichimbiwa ardhini. Ip Man alipohamia Hong Kong mwaka 1949 na kuanza kufundisha, watu waliishi ghorofani kwenye vyumba vidogo, na hakukuwa na pa kuchimba. Gogo likatundikwa kwenye mbao mbili zilizofungwa ukutani, likawa linanesa kidogo linapoguswa. Bruce Lee, aliyekuwa mwanafunzi wake ujanani, alijifunza katika mazingira hayo.

Filamu inaonyesha makofi na kishindo. Darasani gogo lina kazi nyingine. Mwanafunzi huweka mkono wake penye mkono wa mti, husogea pembeni ya ule mguu, hugeuza kiuno, na hutafuta mahali pa kusimama ambapo yeye anafika na mpinzani hafiki. Miondoko ya Ip Man ni 116, na inafuatwa kwa mpangilio. Anayekosea hatua anajikuta mbali mno au amebanwa, na gogo halisogei kumsaidia. Anayepiga kwa hasira anaumia yeye. Mti hauna huruma wala haya.

Hapo ndipo penye hatari kwa mtoto. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini ambazo ndizo zinazorefusha mfupa, na bado hazijakomaa. Kugonga mti mgumu kila siku kwa mkono au kiganja kunaweza kuziumiza. Maumivu ya kifundo yasiyoisha hadi kesho yake, au uvimbe, ni sababu ya kuacha mazoezi na kwenda kumwona daktari. Kuchua kwa dawa ya maji na kumrudisha kwenye mazoezi si tiba.

Walimu wenye utaratibu hawaanzi na gogo. Kwanza mtoto husimama mahali pamoja akijifunza mikono polepole, kisha hatua, kisha mazoezi ya kugusana mikono na mwenzake. Gogo huja baadaye sana, na huja kwa kugusa. Mwalimu anayepokea ada Jumatatu na Jumanne akamweka mtoto mbele ya gogo, afadhali mzazi adai fedha yake mapema. Mtoto atanuna, ni kweli. Nyumbani apewe mto, au afanye miondoko hewani, na ule mlango upumzike.

Ipo picha ya video ya mwaka 1972, ambayo Ip Man mwenyewe yuko nyumbani akifanya miondoko ya gogo. Alikuwa na umri wa karibu miaka 80, amekonda, na alifariki Desemba mwaka huohuo. Anakwenda taratibu, na hakuna anayeanguka. Mzazi anaweza kukaa na mtoto jioni moja, wakaitazama hiyo pamoja na ile ya sinema, na mtoto akaachwa aulize maswali yake.