Mafungu ya Haki

Pale Kariakoo muuza nyanya hupanga mafungu yake kwa ujanja. Nzuri huziweka juu, zilizobonyea chini. Mnunuzi huliona fungu, nyanya zenyewe hazioni. Nathubutu kusema kwamba wasomi wetu wanatupangia haki za binadamu kwa mtindo huo huo.

Wanasema haki zina vizazi. Cha kwanza ni kusema na kupiga kura. Cha pili ni elimu, afya na kazi. Cha tatu ni maendeleo na mazingira. Siku hizi wameongeza fungu jingine, "haki za kidijitali". Linapendeza macho. Lakini kilicho kipya, ndugu msomaji, huhesabiwa kuwa cha ziada, na cha ziada ndicho hupunguzwa kwanza.

Mwishoni mwa 2019 tulipanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kabla hazijaanza kufungwa Januari 2020. Mimi nilisajiliwa chini ya mwavuli, Mtaa wa Msimbazi. Kijana aliniambia, "Mzee, rudia, haijasoma." Nikarudia mara tatu. Baadaye nilipopiga *106# nilikuta jina langu limebeba namba mbili nisizozijua. Je, niliibiwa haki ya kidijitali? La hasha! Niliibiwa jina langu. Namba zile zingetumika kutapeli mtu, ambaye angetafutwa na polisi ni mimi, mwenye mwili na damu.

Haki hiyo si ngeni. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, pamoja na haki ya kujulishwa matukio muhimu. Ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, wakati hapa Dar es Salaam hakuna aliyetembea na simu mfukoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni jambo jema, lakini haikuizaa haki. Iliikuta.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na jijini ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Mfanyabiashara hakuweza kumtumia mteja wake wa Lubumbashi picha ya mzigo. Ndugu walio ughaibuni hawakujua nani mzima. Raia hakujua yaliyotukia mtaa wa pili. Niambieni, hasara hiyo ni ya kizazi cha ngapi?

Mimi nazijua haki tatu tu katika jambo hili: kujua, kusema, na kuachiwa mambo yako. Barua, redio na simu ni vyombo vyake. Atakayekuuzia moja na kuzificha mbili, mwambie alipindue fungu tuone za chini.