Si Kila Kikohozi ni Ugonjwa wa Mapafu

Mtoto wa shule anayekohoa na kutweta akifikishwa zahanati, jambo la kwanza linaloshukiwa ni nimonia. Asipopata nafuu, hushukiwa pumu au kifua kikuu. Shuku hizo zina msingi, maana maradhi hayo yapo nchini. Lakini uko ugonjwa mwingine unaojificha nyuma ya kikohozi, nao ni homa ya baridi yabisi. Rai yetu ni kwamba ugonjwa huu hauna budi kutafutwa na kukingwa katika zahanati za vijijini, badala ya kungojewa katika hospitali kuu.

Chanzo chake ni maumivu ya koo yaletwayo na bakteria waitwao streptokoka. Wiki mbili au tatu baadaye, kinga ya mwili iliyojiandaa kupambana na bakteria hao hugeuka na kushambulia mwili wenyewe. Maungio huvimba kwa zamu, leo goti, kesho kifundo cha mguu, kisha hupona. Moyo hauna bahati hiyo, kwani vali zake huweza kubaki na makovu ya kudumu.

Mapafu huathirika kwa njia mbili. Ya kwanza, iliyo nadra, ni mapafu yenyewe kupata uvimbe unaofanana na nimonia, lakini usiopona kwa dawa za kuua bakteria. Ya pili hutoka moyoni. Vali iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto ikivuja au ikisinyaa, damu hurundikana mapafuni, na maji hupenya katika vifuko vya hewa. Mgonjwa hutweta, hushindwa kulala chali, na pengine hukohoa damu. Mara nyingine maji hayo hukusanyika sehemu ya juu ya pafu la kulia tu, na picha ya eksirei ikaonyesha kivuli kama cha nimonia. Kwa mama mjamzito, ambaye damu yake huongezeka, hali hii huweza kujitokeza ghafla na kuhatarisha maisha.

Tuitazame Kerege, iliyo kando ya barabara ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam, nayo yastahili sifa. Hata hivyo, upasuaji haurudishi vali ya asili, na mwenye vali bandia ya chuma humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Kinga ni sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Mzazi wa Kerege akilazimika kwenda mjini kila mwezi kwa sindano moja, nauli na kazi za shamba zitamshinda, na mtoto ataachwa bila kinga.

Kwamba sindano hiyo yafaa si dhana tupu. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2021 ulihusu watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wenye dalili za mwanzo katika vali za moyo. Kwa muda wa miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa 3 tu kati ya 399 waliochomwa sindano, na kwa 33 kati ya 400 wasiochomwa.

Wako wanaohofia sindano hii kwa sababu ya mzio, na kwa wagonjwa ambao moyo wao umedhoofu sana tahadhari ni ya lazima. Hofu hiyo huondolewa kwa kuwafunza watumishi na kuwapatia dawa za dharura, wala si kwa kuwanyima watoto kinga.

Kwa hiyo, mtoto mwenye kikohozi kisichopona aulizwe habari za koo na maungio, na moyo wake usikilizwe. Kila zahanati iwe na penisilini na daftari la wanaochomwa, ili asiyefika siku yake afuatwe nyumbani. Gharama ya daftari ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya vali.