Treni ya kasi, basi la Lindi na mgonjwa mwenye tarehe ya kliniki

1.
Leo presha na sukari naziweka kando, tuongee usafiri. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp huku kusini kuna video inazunguka ya treni ya Ulaya inayopita kama upepo, na chini watu wanaandika "wenzetu wako mbali sana". Kweli wako mbali. Ila naona tunashangaa kitu ambacho sicho. Tunashangaa spidi. Mimi kama nesi, nikiangalia treni ile, spidi ni kitu cha tatu au cha nne kwangu. Nitaeleza kwa vipande, soma mpaka mwisho ndiyo unibishie.

2.
Tuanze na hesabu. London mpaka Paris kwa reli ni karibu kilomita 490. Treni yao, Eurostar, inafika kilomita 300 kwa saa. Inapita kwenye handaki la kilomita 50 lililochimbwa chini ya bahari na kufunguliwa mwaka 1994. Unatoka nchi moja unaingia nyingine kwa masaa mawili na robo hivi.

Dar mpaka Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450. SGR yetu ya umeme ilianza kubeba abiria 2024, spidi yake inafika 160, na safari ni masaa matatu na nusu mpaka manne.

Dar mpaka Lindi mjini, nako ni kama kilomita 450. Kwa basi ni masaa saba au nane, na mvua ikichachamaa hujui ni lini.

Safari tatu, urefu karibu uleule. Ya tatu ndiyo yetu.

3.
Sasa tazama safari ya London na Paris inaendeshwaje. Saa ya kuondoka imeandikwa na inafuatwa. Tiketi ina namba ya behewa na namba ya kiti. Pasipoti inakaguliwa kabla hujapanda: polisi wa Ufaransa wanakaa ndani ya stesheni ya London, wanakukagua hukohuko, ukishuka Paris unatembea zako. Stesheni zenyewe ziko katikati ya mji, hushushwi porini ukaanza kutafuta bodaboda.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, treni ikichelewa kufika kwa saa nzima, abiria ana haki ya kurudishiwa robo ya nauli yake. Ikichelewa masaa mawili au zaidi, nusu ya nauli. Zipo sababu zinazomwondolea mwenye treni lawama, kama hali ya hewa mbaya kupita kiasi, lakini kanuni ndiyo hiyo. Muda wako una bei, na aliyeupoteza anaulipia.

Hebu fikiria kanuni hiyo ikiletwa stendi yoyote ya huku kwetu. Nani angebaki na hela ya mafuta?

4.
Kwa nini nesi anajali ratiba? Kwa sababu nusu ya matibabu makubwa ni kufika siku uliyopangiwa.

Mgonjwa wa saratani kutoka Kilwa akiandikiwa mionzi, anaelekea Ocean Road, Dar. Mionzi haitolewi mara moja ukaondoka. Mara nyingi ni siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo, na dozi zikikatikakatika nguvu ya tiba inapungua. Mwingine ana kliniki ya moyo mara moja kwa miezi mitatu. Akiikosa, anapangiwa nyingine, na dawa zinamwishia katikati.

Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara maeneo ya Somanga, magari yalikwama siku kadhaa huku na huku. Walioonyeshwa kwenye habari ni madereva na mizigo. Mimi nilikuwa nawaza watu waliokaa ndani ya yale mabasi na kadi za kliniki mifukoni.

Barabara ile ikikatika hatuna njia ya pili ya nchi kavu iliyo fupi. Ukitaka kuzunguka, unazungukia Songea. Kwa mgonjwa hiyo siyo njia.

5.
Tuje kwenye mwili wenyewe. Nitasema wazi, mnisamehe wazee wangu.

Choo. Treni zile zina choo ndani. SGR nayo inacho. Mwaka jana niliipanda kwenda Dodoma kwenye semina na nikakitumia. Basi la kwenda Lindi wengi mnalijua: konda anaita "kuchimba dawa", mnashuka, wanaume upande huu wa kichaka, wanawake upande ule, dakika tano, twende.

Kijana mzima anacheka, kwake ni utani. Sasa mpe mama mjamzito wa miezi minane safari hiyo. Mpe bibi mwenye sukari anayekwenda haja kila saa. Mpe mzee mwenye tezi dume anayehitaji dakika kumi mkojo utoke, na konda anapiga bodi la gari.

Wanafanyaje? Hawanywi maji tangu jana yake. Au wanaacha dawa. Nimepokea zaidi ya mgonjwa mmoja wa moyo aliyefika anahema, miguu imevimba, na ukimuuliza anakwambia: "Sista, ile dawa ya kukojoza niliiacha siku mbili kwa sababu ya safari." Amekwenda kutibiwa, safari ikamwongezea ugonjwa.

6.
Kuna kundi ambalo halisemwi kabisa. Wanawake wenye fistula, waliopata jeraha wakati wa uchungu uliokaa muda mrefu, mkojo ukawa unavuja bila wao kuuzuia. Matibabu yapo. CCBRT pale Dar wanatibu fistula bure, na kwa miaka mingi wamekuwa wakituma nauli kwa simu ili mwanamke asishindwe kufika kwa sababu ya hela.

Kwa hiyo kitanda kipo, daktari yupo, nauli ipo. Kilichobaki ni masaa saba kwenye kiti cha basi lililojaa, jirani yako ameziba pua. Nimekaa na dada mmoja aliyeahirisha safari mara mbili kwa ajili hiyo tu. Aliniambia bora avuje nyumbani kwake kuliko mbele za watu. Mara ya tatu alikwenda, akapona. Lakini kati ya mara ya kwanza na ya tatu ulipita mwaka na zaidi.

Ukisikia mtu anasema choo cha safarini ni anasa, mwambie habari ya dada huyo.

7.
Atatokea mtu hapa: "Sista, treni ni za nchi tajiri, na watu wa Lindi hata treni hawawezi kuijaza."

Kuhusu utajiri, nauli ya daraja la kawaida Dar mpaka Dodoma ilipangwa shilingi 31,000 huduma ilipoanza. Abiria ni wafanyabiashara wadogo, wanafunzi na watumishi kama mimi. Imewahi kukwama kwa hitilafu za umeme, sikatai, na watu wakapiga kelele mtandaoni. Nikafurahi! Ukiona watu wanalalamikia treni kuchelewa, ujue wameshazoea iwahi. Huku kwetu basi likichelewa masaa mawili nani anaandika?

Kuhusu kuijaza, hapo nakubaliana na wewe kiasi. Tena nikuongezee ushahidi kutoka hukohuko Ulaya. Uingereza kuna mji unaitwa Ashford, uko njiani kabisa kati ya London na Paris. Walijengewa stesheni ya kimataifa. Ilipofika 2020, Eurostar ikaacha kusimama pale. Treni inapita, wao wanaisikia tu, na wakitaka kwenda Paris inabidi kwanza warudi nyuma mpaka London. Treni ya kasi haipendi kusimama. Ikijengwa ya kutoka Dar mpaka Mtwara kesho, Kilwa inaweza kuwa Ashford.

Ndiyo maana sisemi tupewe treni ya kilomita 300 kwa saa. Nasema tupewe yale yaliyo ndani yake: saa inayojulikana, choo, kiti cha mtu mmoja na mtu wa kuwajibika.

8.
Na msidhani reli ni hadithi ngeni kusini. Waingereza walipoleta mpango wao wa karanga mwaka 1947, walijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikashindwa, mpango ukafutwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Reli ilijengwa kwa ajili ya mzigo. Mzigo ulipokosekana, hakuna aliyeuliza kama kuna watu.

Ratiba nayo si kitu cha kizungu. Kilwa Kisiwani iliyokuwa na msikiti wa mawe wakati Ibn Battuta anafika mwaka 1331 ilitajirika kwa ratiba. Kaskazi ikivuma vyombo vinashuka kutoka Uarabuni, kusi ikigeuka vinarudi. Kila mtu pwani alijua miezi. Mfanyabiashara aliweza kuahidi kwa sababu upepo nao ulikuwa unatimiza ahadi.

9.
Leo inazungumzwa reli mpya ya kusini, Mtwara mpaka Mbamba Bay, karibu kilomita 1,000, na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Mchuchuma ni makaa ya mawe, Liganga ni chuma. Unaona sasa? Mzigo tena. Siupingi, nchi inahitaji fedha. Lakini mbunge au diwani akisimama mbele yako kuisifia, muulize swali moja: mabehewa ya abiria yatakuwa mangapi, na yatasimama wapi? Tukinyamaza wakati wa mchoro, tutakuja kulia wakati wa nguzo.

Halafu reli hiyo inakwenda magharibi, ziwani. Haitamfikisha mtu wa Kilwa Dar. Kwa safari ya Dar tutabaki na barabara miaka mingi ijayo. Basi tuibane barabara hiyohiyo.

10.
Haya ndiyo ninayodai, na hakuna linalosubiri mkopo wa nje:

Kwanza, vyoo safi vyenye maji kwenye vituo vya kueleweka kati ya Kibiti na Lindi, na basi lisimame hapo kwa ratiba, dakika ishirini kamili. Halmashauri zinaweza kujenga na kutoza mia mbili au mia tatu. Tutalipa.

Pili, saa ya kuondoka iheshimiwe. Mabasi yaliruhusiwa kusafiri usiku tangu 2023, ni jambo jema, lakini abiria anaambiwa "saa tatu" gari linatoka saa tano. Likichelewa bila sababu, kuwe na fidia, hata iwe ndogo.

Tatu, viti viwili vya mbele vya wagonjwa wenye barua ya rufaa. Siyo bure. Vinunuliwe kama vingine, ila visiuzwe kwa mwingine mpaka asubuhi ya safari.

Nne, sisi watu wa afya. Tukimpangia kliniki mtu wa Kilwa au Liwale, tusimwandikie Jumatatu saa moja asubuhi kana kwamba anakaa Kariakoo. Tumuulize anatoka wapi na analala wapi.

11.
Mpaka hayo yatimie, safari zipo. Kwa hiyo ushauri wa sista:

Usiache dawa kwa ajili ya safari kabla hujatuuliza. Ile ya kupunguza maji tunaweza kukubadilishia saa ya kumeza.

Maji kunywa, kidogo kidogo. Kukaa na kiu siku nzima kunaumiza figo, na mjamzito anaweza kuishia na maambukizi ya mkojo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007: ukikaa masaa manne au zaidi bila kusogea, iwe ndege, treni, basi au gari dogo, hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu inakaribia mara mbili. Kwenye treni unanyanyuka unatembea. Kwenye basi chezesha vifundo vya miguu, kanyaga kama unashona cherehani, dakika chache kila nusu saa, na gari likisimama shuka. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma baada ya safari, au kifua kinabana, usisubiri kesho.

Dawa, kadi na barua ya rufaa vikae mkononi, sio kwenye buti la gari.

12.
Kwa hiyo ukiiona tena ile video, wewe tazama mwanzo, kabla haijaanza kukimbia. Tazama yule bibi mwenye mkongojo anayepanda taratibu bila mtu kumpigia kelele, anajua atafika saa ngapi na choo kiko wapi. Hicho ndicho tumepungukiwa, na hakihitaji handaki chini ya bahari.

Niandikieni hapa chini: kama umewahi kukosa kliniki kwa sababu ya usafiri, ilikuwa mwezi gani na ulikuwa unatoka wapi. Majina ya makampuni msitaje, nataka tarehe na mahali tu. Nikipata za kutosha nitazipanga na kuzifikisha kwenye kikao cha wilaya. Kesho tunarudi kwenye presha ya wajawazito, sehemu ya tatu. Usiku mwema.