Dawa ya pancha ndani ya tairi lenye kihisio

Ndugu mmoja mkazi wa Tabata, ambaye ni fundi mitambo katika kiwanda kimoja kilicho kando ya Barabara ya Nyerere, ameileta kwenye safu hii hoja ambayo bila shaka inawagusa wengi. Amenunua pikipiki iliyokwisha kutumika ng'ambo, kubwa kidogo kuliko zile tulizozizoea vituoni, na pembeni mwa kipimo cha mwendo zipo namba mbili zinazoonyesha upepo wa tairi la mbele na wa tairi la nyuma. Kila siku ya kazi humpakia mkewe hadi Buguruni kabla yeye mwenyewe hajaelekea kiwandani. Katika muda wa mwezi mmoja amepata pancha tatu, zote za misumari na zote za tairi la nyuma. Mwenzake wa kazini amemshauri atie dawa ya kuzuia pancha. Fundi wa matairi, kwa upande wake, amemwonya kwamba dawa hiyo "itaua mashine ya namba". Je, amsikilize nani?

Wote wawili wana ukweli wao, ila hakuna aliyemweleza habari yote. Na kwa kuwa anayekaa nyuma ya pikipiki hiyo ni mama wa nyumba yake, habari yote yafaa ielezwe.

Tuanze na hiyo mashine ya namba. Ndani ya rimu, mahali pale pale valvu inapochomoza, hufungwa kijisanduku cha plastiki kiitwacho kihisio. Ndani ya kijisanduku hicho mna kipimo cha mgandamizo wa hewa, kipimo cha joto, betri ndogo, na kijiredio cha kurushia habari hizo hadi kwenye namba zilizo mbele ya dereva. Betri imezikwa ndani ya gundi ngumu, hivyo haibadilishwi. Ikiisha, kwa kawaida baada ya miaka mitano hadi kumi, kihisio chote hutupwa. Mwenye pikipiki iliyotoka ng'ambo hana budi kujua vilevile kwamba vihisio vingi vya soko la Marekani hutumia masafa ya megahezi 315, na vya Ulaya 433. Anayenunua kipya bila kuuliza jambo hilo anaweza kurudi nyumbani na kifaa kizima ambacho hakisikilizani na pikipiki yake.

Vifaa hivi vilienea duniani kwa sababu ya vifo. Katika miaka ya 1990 hadi mwaka 2000, nchini Marekani, matairi ya Firestone yaliyofungwa hasa katika magari ya Ford Explorer yalikuwa yakibambuka mwendoni, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 2000, na kuanzia Septemba 2007 magari madogo mapya yote yanayouzwa huko yalilazimishwa kuwa na chombo cha kuonya upepo unapopungua. Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya abiria, hadi yote yakaingia katika sharti hilo Novemba 2014. Sheria hizo ziliwekwa kwa ajili ya magari. Katika pikipiki kihisio kimeingia kama nyongeza ya mtengenezaji, na kila mtengenezaji ana masharti yake.

Jambo moja husahauliwa. Sheria ya Marekani hulitaka gari liwashe taa ya onyo upepo unapokuwa umepungua kwa robo nzima. Tairi linalostahili ratili 32 kwa inchi ya mraba (mafundi wetu husema "thelathini na mbili" tu, na wote wanaelewana) laweza kushuka hadi 24 ndipo taa iwake. Kwa gari la magurudumu manne hilo lavumilika. Kwa pikipiki iliyompakia mtu na mkewe, ratili nane ni pengo kubwa: tairi hulegea, hupata joto kupita kiasi, na pikipiki huyumba kwenye kona. Kwa hiyo mwenye bahati ya kuonyeshwa namba zenyewe azisome kila asubuhi tairi likiwa baridi, asingoje taa.

Sasa dawa. Dawa nyingi za pancha zimetengenezwa kwa glaikoli, kimiminika cha ukoo mmoja na kile kinachotiwa katika rejeta ili maji yasigande wala yasichemke upesi. Ndani ya kimiminika hicho huchanganywa nyuzinyuzi ngumu na chembechembe za mpira, kikawa kama uji mzito. Gurudumu linapozunguka, uji huo hutupwa nje na kuupaka upande wa ndani wa uso wa tairi. Msumari ukiingia na kutoka, upepo hukimbilia tunduni na kuzikokota zile nyuzi. Nazo hushikamana, hujipanga, na kuziba. Hakuna muujiza wowote hapo. Ni namna ile ile majani yanavyoziba mtaro wa maji ya mvua.

Ila uwezo wake una mipaka. Dawa nzuri huziba tundu la upana wa milimita sita hivi, na ni katika uso unaokanyaga barabara peke yake. Ubavu wa tairi ukichanika, hakuna dawa. Bati au kipande cha chupa kikikata mpasuko mrefu, hakuna dawa. Tairi kipara nalo halipati uzima kwa kutiwa uji. Ni kumvika marehemu shati jipya. Tena lipo kundi jingine la dawa, zitengenezwazo kwa utomvu wa mpira, zenye harufu kali ya amonia, ambazo hukauka na kuacha utando. Na yapo makopo ya dharura yanayotia dawa na upepo kwa pamoja. Baadhi yake husukumwa na gesi inayoshika moto, jambo ambalo fundi atakayelifungua tairi hilo na kulikwangua kwa mashine yapasa aambiwe kabla cheche hazijaruka.

Ugomvi kati ya vitu hivi viwili unatokea wapi? Kihisio hupumua kwa njia ya tundu moja dogo. Dawa ikiingia na kukaa humo, kipimo hakiipati tena hewa ya tairi. Kinaendelea kuisoma ile iliyonaswa ndani ya kitundu chake. Wengi hudhani kihisio kilichozibwa kitazima, dereva aone kwamba kimeharibika. Kingekuwa kinazima kila mara, hatari isingekuwa kubwa. Kinachotisha ni kihisio kinachoendelea kuandika 32 ilhali tairi limebaki na 20.

Njia ya kukigundua ni rahisi wala haihitaji fundi. Joto la tairi likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upepo huongezeka kwa takriban ratili moja na nusu. Hivyo kihisio kizima hakina budi kuonyesha namba inayopanda baada ya safari ya dakika kumi na tano au ishirini, kisha kuteremka pikipiki inapopumzika. Namba isiyotikisika asubuhi, mchana na jioni si ya kuaminiwa. Chukua geji ya mkono ulinganishe.

Yafaa ieleweke vilevile kwamba pikipiki ikiwa mwendoni dawa hutupwa mbali na rimu, na kihisio kipo kwenye rimu. Kwa hiyo si kweli kwamba tone likiingia tu kifaa kimekwisha. Madhara mengi hutokea siku ile ile ya kutia dawa. Fundi hufungua valvu, huchomeka mpira wa chupa, na kuisukuma dawa yote ipitie kwenye shina la valvu ambalo kihisio kimefungwa juu yake. Ni sawa na kumnywesha mtu uji kwa kumwagia usoni. Njia iliyo salama zaidi ni kuimimina dawa moja kwa moja ndani ya tairi wakati upande mmoja wa tairi bado haujapandishwa kwenye rimu, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, kisha kulifunga, kulijaza upepo, na kwenda mwendo wa kilomita kadhaa papo hapo ili dawa isambae badala ya kutuama chini. Kuzidisha kipimo kwa kudhani kwamba kingi ndicho kinga huleta mtikisiko wa gurudumu na kukiloweza kihisio.

Kabla ya hayo yote, asome kitabu cha pikipiki. Wapo watengenezaji wa dawa walioandika kwenye chupa kwamba dawa yao haidhuru vihisio, na baadhi yao wanasema kweli. Lakini watengenezaji wengi wa magari na pikipiki hukataza dawa yoyote, au huiruhusu ya dharura tu, na kihisio kikiharibika wao hawadaiwi. Bei ya kihisio kimoja huzidi mara nyingi bei ya chupa ya dawa. Ikiwa dawa imekwisha kuingia, tairi lifunguliwe na kihisio kipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Tundu lake lisichokonolewe kwa sindano wala lisipulizwe kwa kompresa. Ndani mna utando mwembamba ambao hauvumilii ukatili huo.

Hadi hapa nimesema juu ya tairi lisilo na tyubu. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria mjini mwetu zina tyubu, na habari yake ni tofauti. Tairi lisilo na tyubu huung'ang'ania msumari na kuvuja polepole. Tyubu ikitobolewa hupasuka au kumwaga upepo upesi kupitia matundu ya spoki na pembeni mwa valvu, na kadiri msumari unavyocheza ndivyo tundu linavyochanika. Dawa husaidia kidogo tu humo. Nao watu wa pikipiki hizi wameanza kuagiza vihisio vya nje, vile vinavyofungwa juu ya valvu mahali pa kifuniko. Ni vya bei nafuu na havilowi ndani ya tairi, ila vina kasoro mbili. Kwanza, huisukuma pini ya valvu ikae wazi muda wote, kwa hiyo kihisio kisipokazwa sawasawa chenyewe ndicho kinachovujisha upepo. Pili, uzito wake hulivutavuta shina la mpira gurudumu linapozunguka kwa kasi, hata shina likapata nyufa. Lahitajika shina la chuma. Kwenye tairi lenye dawa, kila unapotaka kukifungua au kutumia geji, zungusha gurudumu valvu iwe juu, subiri dakika chache dawa iteremke, ndipo ufungue. Asiyefanya hivyo atapimiwa uji.

Kuhusu mishikaki sina la kuongeza. Anayepakia abiria wawili au watatu nyuma hana haja ya kuuliza habari za vihisio.

Akina mama na akina baba watanisamehe nikigeukia jikoni kidogo. Glaikoli ipo ya aina mbili, na mojawapo, iitwayo ethilini glaikoli, ni sumu kali yenye ladha tamu. Kiasi kidogo chaweza kuharibu figo za mtoto na hata kumwua. Rangi ya dawa hizi mara nyingi ni ya kijani au ya buluu inayopendeza macho. Dawa iliyobaki isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, wala chini ya kitanda. Mtoto akiinywa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, kabla dalili hazijaonekana.

Turudi kwa Ndugu yetu wa Tabata. Kwa kuwa tairi lake halina tyubu na kihisio chake ni kizima, mimi nisingetia dawa. Ningenunua kifurushi cha kuzibia pancha, chenye kamba za mpira zilizopakwa gundi, tupa ya mviringo na sindano yake, pamoja na pampu ndogo, na kuviweka chini ya kiti. Kihisio kitamwambia upepo unashuka tairi likiwa bado linabeba. Atasimama pembeni, atamshusha mama, atauchomoa msumari na kulipachika tundu kamba. Baadaye fundi alifungue tairi na kulitia kiraka kwa ndani. Amwambie fundi huyo mapema kwamba mna kihisio karibu na valvu, maana bapa la kubandulia tairi limevunja vihisio vingi kuliko dawa. Tena, kwa siku zile anazompakia mkewe, tairi la nyuma lijazwe kipimo cha watu wawili, ambacho kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko karibu na mnyororo au katika kitabu.

Hata hivyo pancha tatu za nyuma kwa mwezi mmoja ni nyingi mno kuitwa bahati mbaya. Tairi la mbele huusimamisha msumari uliolala na la nyuma huukanyaga, hivyo kwamba zote ni za nyuma si ajabu. Ajabu ni hesabu yake. Apime kwanza kina cha mifereji ya tairi hilo, kwani tairi lililokwisha humeza hata msumari wa ubao wa sanduku. Kisha apapase ndani kwa kitambaa, asije akawa anaziba tundu jipya kila mara huku ncha ya msumari wa zamani ingali imo. Na kama tairi ni zima ndani na nje, basi atazame pale anapoegesha, na ule ukingo wa barabara anaopita kila asubuhi kuukwepa msururu wa magari, ambako takataka zote za mafundi seremala husukumwa na magurudumu ya wenzake.